Maswali ya Wasomaji: Klorini Isiyoonekana Katika Bwawa la Chumvi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, tumehamia Entebbe katika nyumba yenye bwawa la kuogelea la maji ya chumvi, lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita 1.25, nasi tulilijaza upya kwa maji ya bomba. Mashine ya kutengeneza klorini hufanya kazi mchana kutwa na huonyesha chumvi 3,100, lakini nikipima klorini kwa dawa ya matone, maji hayageuki rangi. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, hupanda hadi 8.2 kila baada ya siku chache, na kuta zimeanza kukwaruza miguu ya watoto. Muuzaji wa dawa alinishauri nifikishe alkalini 120, nami nikafanya hivyo. Sasa fundi anataka tuongeze chumvi, tena ya Ziwa Katwe kwa kuwa ni ya bei nafuu. Nianzie wapi?
Mama wa watoto watatu, Entebbe

JIBU: Mama, tafadhali msiongeze chumvi. Bwawa lenu lina lita 50,000 hivi, na kwa kipimo cha miligramu 3,100 kwa lita tayari lina kilo 155 za chumvi, ambazo zinatosha kwa mashine nyingi, kwani huhitaji kati ya 2,700 na 3,400. Chumvi yenyewe haiui vijidudu. Umeme unapopita katika maji hayo kati ya vibati vya mashine, sehemu ya chumvi hugeuka kuwa klorini, na klorini ikishafanya kazi yake, au ikishaharibiwa na jua, hurudi kuwa chumvi ile ile. Ndiyo maana maji yakipungua kwa kukauka huongezwa maji peke yake. Chumvi hupotea pale tu maji yenyewe yanapotoka, kwa kurushwa na waogeleaji, kwa kusafisha chujio, au kwa mvua: milimita 100 za mvua huleta lita 4,000 juu ya bwawa la ukubwa huo, na likiwa limejaa, maji ya chumvi ndiyo yanayomwagika. Kwa hiyo kipimo cha chumvi kifuatilieni zaidi kuanzia Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Chumvi ya Ziwa Katwe ina kaboneti na salfeti nyingi pamoja na chumvi ya kawaida, na kaboneti itapandisha pH ambayo tayari inawasumbua. Mkihitaji chumvi siku nyingine, nunueni iliyosafishwa, isiyo na madini ya joto.

Kuhusu klorini isiyoonekana, kuna mambo mawili yanayofanana kwa macho lakini yanapingana kabisa. Huenda klorini haipo, au huenda ipo nyingi mno, kwa sababu klorini ikizidi sana huifuta rangi ya waridi ya dawa ya kupimia, na anayepima hudhani kwamba maji ni matupu. Changanyeni kipimo kimoja cha maji ya bwawa na vipimo vinne vya maji ya chupa, kisha mpime tena. Rangi ikitokea, zidisheni jibu mara tano, mzime mashine, na watoto wasiingie hadi klorini ishuke. Maji ya kupima yachotwe kwenye kina cha kiwiko, mbali na matundu yanayorudisha maji kutoka kwenye pampu.

Rangi isipotokea, ninalishuku jua zaidi kuliko mashine. Klorini isiyo na kinga huharibiwa kwa saa chache tu za jua la mchana, na hapa kwetu karibu na mstari wa ikweta jua halina msimu wa kupumzika. Kinga hiyo ni asidi sianuriki, na kwa bwawa la chumvi hutakiwa miligramu 60 hadi 80 kwa lita. Hupimwa kwa mrija wenye nukta nyeusi chini: maji yaliyochanganywa na dawa yake huwa kama maziwa, nanyi huyamimina taratibu hadi nukta isionekane. Pimeni nje mchana, jua likiwa mgongoni mwenu. Kama haimo kabisa, kilo 3 zitawafikisha 60. Zitieni katika soksi mbele ya tundu linalotoa maji, wala msipime tena kabla ya wiki moja, kwa maana huyeyuka polepole. Baada ya hapo klorini isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita. Ikiwa bado inapotea, pimeni jua likizama na tena kabla halijachomoza, mashine ikiwa imezimwa usiku kucha. Ikipungua kwa zaidi ya 1 gizani, si jua tena bali ni mwani au uchafu unaoila.

Ushauri wa alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isibadilike kwa urahisi) ya miligramu 120 kwa lita unafaa mabwawa mengine, lakini si lenu. Mashine hutoa viputo vya hidrojeni, viputo hufukuza hewa ya ukaa iliyo majini, nayo pH hupanda. Na alkalini ikiwa juu, hupanda kwa kasi zaidi. Lengo lenu liwe 60 hadi 80. Tieni asidi hidrokloriki, nusu lita kwa mara moja, pampu ikizunguka, mpime baada ya saa nne, na mrudie hadi pH iwe 7.4. Ikipanda tena rudieni, na alkalini itashuka kidogo kila mara. Vaeni glavu na miwani, na asidi isikutane kamwe na klorini ya unga, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kuta. Maji ya Ziwa Viktoria ni laini sana, yaani yana kalsiamu kidogo, na maji ya namna hiyo huitafuta kalsiamu katika plasta. Kwa sasa pH ya juu inayapunguzia njaa hiyo, hivyo mkishusha pH na alkalini bila kuongeza kalsiamu, plasta italika haraka zaidi. Mara pH inapofika mahali pake, ongezeni kloridi ya kalsiamu hadi kipimo cha kalsiamu kifike miligramu 300 kwa lita. Kila miligramu 100 kwa lita huhitaji takribani kilo 7 za vipande vyake. Tieni vipande ndani ya ndoo ya maji, wala si maji juu ya vipande, kwani hutoa joto kali.

SWALI: Maji ya kisima chetu kirefu yalikuwa meupe pe tulipojaza bwawa, lakini tulipowasha mashine yakawa rangi ya chai. Je, ni mwani?
Msomaji, Mukono

JIBU: La, ndugu, yaelekea ni madini ya chuma, ambayo hayana rangi yakiwa yameyeyuka, lakini klorini huyageuza kutu. Endesheni chujio mfululizo na kulisafisha mara kwa mara, pH ikiwa karibu na 7.2, ili kutu isigande kwenye kuta. Kabla ya kuongeza maji ya kisima hicho tena, jazeni ndoo nyeupe, mtie kifuniko kimoja cha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, mwiache hadi kesho yake. Yakigeuka, yapitisheni kwanza kwenye chujio la kuondoa chuma, au agizeni maji ya gari.