Maswali na majibu: Chumvi, magadi na kijani cha Ziwa Nakuru

Ule ukijani wa Ziwa Nakuru ni nini, na mbona hauuawi na chumvi? (Msomaji, Nakuru)

Ni sianobakteria, hasa spirulina, chakula cha heroe. Hujitengenezea chakula kwa jua kama majani yafanyavyo. Chumvi ni hatari kwao pia. Nyunyizia chumvi vitunguu vya kachumbari, uviache kidogo: bakuli litajaa maji yaliyovutwa kutoka ndani. Spirulina hujikinga kwa kujaza ndani yake glukosiligliseroli na trehalosi, vitu vya jamii ya sukari visivyoidhuru seli, ili maji yasitoroke.

Seli inajuaje kwamba chumvi imepanda? (Msomaji, Dodoma)

Hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Sianobakteria aliyechunguzwa sana ni Synechocystis, aliyepatikana kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi) ya California mwaka 1968. Chumvi ikiongezeka, sodiamu humvamia. Huisukuma nje, na kwa muda huweka potasiamu mahali pake. Ile glukosiligliseroli huanza kutengenezwa na kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia ndani ya seli) kiitwacho GgpS, na hiki hakisubiri kuundwa. Tayari kimo ndani ya seli, ila chumvi ikiwa kidogo huwa kimeng'ang'ania DNA kwa mvuto wa chaji za umeme, hakiwezi kufanya kazi. Ioni za chumvi zikiingia, mvuto ule hulegea, kimeng'enya kinaachia na kazi inaanza palepale. Kimeng'enya cha pili, GgpP, huondoa fosfati iliyoshikamana na zao la kile cha kwanza, na glukosiligliseroli iko tayari. Jeni nazo huamshwa ili vimeng'enya viongezeke. Yaani chumvi yenyewe ndiyo inayofungua kufuli! Kila nikilisoma hili nashangaa upya.

Sianobakteria wote hutumia sukari hiyohiyo?

Hapana. Wengi wa maji baridi hutumia sukrosi au trehalosi, wa chumvi ya wastani glukosiligliseroli, na wa chumvi kali mno betaini, ambayo si sukari ila hufanya kazi ileile.

Mvua kubwa ikinyesha je? (Msomaji, Naivasha)

Hatari inageuka: maji huingia kwa kasi na seli huvimba. Synechocystis hutoa sehemu ya sukari nje, na kimeng'enya GghA huikata iliyobaki kuwa glukosi na gliseroli, ikaliwa. Lakini kujirekebisha kuna mpaka. Maji ya Nakuru yalipopanda miaka ya 2010, chumvi ilipungua, spirulina ikapungua, na heroe wengi wakahamia maziwa mengine, Bogoria likiwamo.