Maswali yenu wiki hii: Wayahudi wa Afrika Kusini, kambi ya Kongwa na mbunge aliyebaki peke yake

SWALI: Mbukwenyi ndugu wa safu ya maswali! Mimi ni kijana wa Kongwa. Babu yangu hupenda kutuhadithia wale wapigania uhuru waliokaa kambini hapa kwetu miaka ya sitini, na juzi akasema kati ya wakubwa wa ile vita ya Afrika Kusini walikuwepo wazungu, tena wengi wao Wayahudi. Nimelipeleka hilo kijiweni wakanizomea, wanasema Wayahudi ni matajiri wanaoendesha dunia, wampiganie mtu mweusi kwa lipi? Mkweli ni nani?

JIBU: Mbukwa mdogo wangu, mpe babu shikamoo yangu, kasema kweli. Kambi ya Kongwa ilifunguliwa 1964, wakapita hapo vijana wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO, SWAPO, MPLA na ZAPU. Waliolala kambini karibu wote walikuwa Waafrika weusi, hilo tusilichanganye, lakini ukiuliza nani alianzisha Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, pamoja na Mandela mwaka 1961 utamkuta Joe Slovo, Myahudi aliyezaliwa Lithuania, Ulaya Mashariki, 1926, akaletwa Johannesburg akiwa mtoto mdogo, baba yake dereva wa lori, na yeye mwenyewe shule aliiacha mapema akaenda kutafuta kazi. Sasa huyo tajiri anayeendesha dunia ni yupi hapo?

Na kuna kitu kimetokea jirani kabisa na nyinyi. Mwaka 1969, mwezi wa nne kuingia wa tano, ANC walifanya mkutano wao mkubwa Morogoro, hapo hapo unapopita na basi ukienda Dar. Kabla ya hapo uanachama wa ANC ulikuwa wa Waafrika tu. Morogoro ndiko walikokubaliana kufungua mlango kwa wenzao wa rangi nyingine waliokuwa nje ya nchi, na Slovo akaingia kwenye Baraza la Mapinduzi pamoja na Yusuf Dadoo, mwenye asili ya India, na Reg September. Yaani hilo jambo limeamuliwa kwenye ardhi yetu na bado vijana wetu hawalijui, mimi linaniuma kweli.

Rudi nyuma kidogo. Mandela alipofika Johannesburg miaka ya arobaini mwanzoni hakuwa na kitu, na ofisi ya mawakili iliyompokea kama karani mwanafunzi ilikuwa ya Wayahudi, aliyemchukua ni Lazar Sidelsky. Mle ofisini akapata rafiki yake wa kwanza mzungu, Nat Bregman, naye Myahudi. Mandela mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliwaona Wayahudi wana moyo mpana kuliko wazungu wengi kwenye mambo ya rangi, akadhani labda ni kwa sababu na wao wamebaguliwa kwenye historia yao. Kesi kubwa ya uhaini iliyoanza 1956 ilikuwa na washtakiwa 156, wazungu humo 23, na zaidi ya nusu ya hao wazungu ni Wayahudi.

Halafu ikaja kesi ya Rivonia. Tarehe 11 Julai 1963 polisi walivamia shamba la Lilliesleaf pale Rivonia, maficho ya viongozi wa Umkhonto, wakamkamata Walter Sisulu, Govan Mbeki, Ahmed Kathrada na wenzao, na kati ya wazungu waliokamatwa siku ile walikuwepo Denis Goldberg, Rusty Bernstein na Arthur Goldreich, wote Wayahudi. Goldreich ndiye aliyekuwa anaishi pale na familia yake kama mwenye shamba ili majirani wasishtuke. Mwezi uliofuata yeye na wakili Harold Wolpe, Myahudi mwingine, pamoja na Mosie Moolla na Abdulhay Jassat wakatoroka mahabusu Johannesburg. Goldreich na Wolpe wakavuka hadi Swaziland, kisha wakiwa wamevaa nguo za mapadri wakaenda Bechuanaland ambayo leo ni Botswana, huko ndege iliyokuja kuwachukua ikalipuliwa, lakini mwisho wa safari wakaingia salama Dar es Salaam. Bernstein mahakama ilimwachia, akakimbia nchi, na miaka mingi baadaye akaja kufundisha siasa kwenye chuo cha ANC cha Solomon Mahlangu pale Mazimbu, Morogoro. Goldberg hakuwa na bahati hiyo, alipewa kifungo cha maisha Juni 1964 sawa na Mandela, ila kwa kuwa ni mzungu hakupelekwa gereza la kisiwani Robben Island, wakamtenga gereza la wazungu Pretoria, akakaa miaka 22. Ubaguzi ulifuata watu hadi kifungoni!

Ila sikiliza na hili, maana hapa ndipo hao wa kijiweni wanapokosea zaidi. Mwendesha mashtaka wa kesi hiyo hiyo ya Rivonia, aliyesimama kuwapeleka kina Mandela jela, aliitwa Percy Yutar, naye ni Myahudi tena mshika dini. Upande wa utetezi kulikuwa na Joel Joffe na Arthur Chaskalson, Wayahudi. Kizimbani Wayahudi. Chumba kimoja, kesi moja, kila mtu na dhamira yake. Sasa niambie hilo genge linalopanga mambo pamoja liko wapi?

Kwa nini walionekana wengi hivyo kwenye harakati wakati walikuwa wachache? Wengi walitoka Lithuania, enzi hizo chini ya Urusi, wakikimbia umaskini na sheria zilizowabana, kuanzia miaka ya 1880. Walipofika wakakuta ni wazungu kisheria lakini si wazungu kamili machoni pa wenzao, kanisa la Makaburu si lao na klabu za Waingereza hazikuwataka. Mwaka 1930 ikapitishwa sheria ya kupunguza wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, mwaka 1936 meli ya Stuttgart ikatia nanga Cape Town na Wayahudi waliomkimbia Hitler, watu wakaandamana kuipinga, na mwaka uliofuata mlango ukafungwa zaidi. Wengine walikuja na siasa za vyama vya wafanyakazi tangu kwao. Kijana aliyekulia kwenye nyumba ya namna hiyo akisoma sheria au akienda kwenye magazeti, ni rahisi kuona kinachomkuta jirani yake mweusi.

Lakini nisikudanganye, walio wengi hawakupigania chochote. Walifaidi uzungu wao, wakanyamaza. Baraza lao kuu lilikwepa siasa miaka na miaka, likaja kuukataa ubaguzi waziwazi 1985, na Rabi Mkuu Cyril Harris akaomba radhi mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano 1997. Kina Slovo wenyewe wengine walitengwa na jumuiya zao wakionekana wanaleta balaa.

Na hilo la kuendesha dunia naomba ulikemee kabisa ukilisikia. Waliobaki Lithuania, zaidi ya asilimia 90 waliuawa na Wanazi na vibaraka wao, na Ulaya nzima waliuawa kama milioni 6, na maneno yaliyotangulia mauaji hayo yalikuwa haya haya ya kijiweni.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa Area C hapa Dodoma, Bunge likianza huwa sibanduki kwenye redio. Mwanangu ananiambia huko Afrika Kusini kulikuwa na mbunge mwanamke aliyekuwa anaipinga serikali ya makaburu peke yake bungeni. Ni kweli au ni stori?

JIBU: Ni kweli mama, na wewe unayefuatilia kipindi cha maswali utampenda. Helen Suzman, kazaliwa 1917 Germiston, wazazi wake Wayahudi kutoka Lithuania. Alifundisha historia ya uchumi chuo kikuu cha Witwatersrand, akaingia bungeni 1953, akatoka 1989, hiyo ni miaka 36. Kuanzia 1961 hadi 1974 chama chake kilikuwa na mbunge mmoja tu, yeye. Miaka 13 anasimama peke yake katikati ya wanaume wanaomzomea, wengine wanamtupia maneno ya kumwambia arudi Israeli.

Silaha yake ilikuwa maswali. Wangapi wamekamatwa kwa kutokuwa na pasi, kile kibali ambacho mweusi alilazimishwa kutembea nacho, wangapi wamewekwa ndani bila kesi, wangapi wamechapwa viboko, na waziri akijibu jibu linaingia kwenye hansadi na magazeti yanaruhusiwa kulichapa, kwa hiyo mambo ambayo mwandishi angefungwa kwa kuyaandika yakawa yanatoka kupitia kwake. Waziri mmoja alilalamika kwamba maswali yake yanaiaibisha nchi huko nje, akamjibu kwamba yanayoaibisha si maswali, ni majibu. Mwaka 1967 akaenda Robben Island, Mandela akamweleza juu ya askari magereza mmoja mkatili aliyechorwa alama ya Wanazi mkononi, na muda si mrefu yule askari akahamishwa. Wengi wa ANC hawakukubaliana naye kwenye vikwazo vya uchumi maana alivipinga, na mimi kwa hilo niko upande wa ANC, ila wafungwa wenyewe walimheshimu sana.

SWALI: Mwanafunzi wa UDOM hapa. Nimesoma kwamba Slovo hakuamini Mungu. Atakuwaje Myahudi?

JIBU: Kwa ukoo na malezi. Kwa Wayahudi aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi hata asiposali. Slovo alipofariki Januari 1995 akazikwa Soweto, na yule Rabi Harris alisimama akamsifu mbele ya umati, kuna Wayahudi walikasirika kweli.

SWALI: Na kwenye sanaa wapo? Msomaji, Manyoni.

JIBU: Wapo tele. Nadine Gordimer, baba yake fundi saa kutoka Lithuania, vitabu vyake kadhaa vilipigwa marufuku, akapata Nobel ya fasihi 1991. David Goldblatt alipiga picha za maisha ya kawaida chini ya ubaguzi, na William Kentridge anachora kwa mkaa na kuzifanya picha zitembee. Na Johnny Clegg, mama yake Myahudi, alijifunza Kizulu na ngoma zao akiwa kijana kutoka kwa wafanyakazi wa hosteli za Johannesburg, akakamatwa na polisi kwa kuingia huko, halafu na Sipho Mchunu aliyekuwa mtunza bustani wakaunda Juluka, bendi ya mweusi na mweupe wakati redio za serikali hazitaki kusikia kitu hicho. Wimbo wake wa 1987, Asimbonanga, ulimhusu Mandela akiwa bado kifungoni, na mwaka 1999 Clegg akiwa anauimba Ujerumani, mzee mwenyewe akatokea jukwaani nyuma yake anacheza. Itafuteni hiyo video.

Ruth First nimwekee nafasi yake. Mwandishi wa habari, mke wa Slovo, alifungwa 1963 siku 117 bila kufunguliwa kesi. Agosti 17, 1982 akiwa chuo kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo, alifungua barua iliyotegwa bomu na makachero wa makaburu, akafa pale pale.

SWALI: Baada ya uhuru walipewa nini? Msomaji, Singida.

JIBU: Slovo alipewa uwaziri wa nyumba 1994, akafia kazini miezi michache baadaye. Chaskalson, yule wakili wa Rivonia, akawa rais wa kwanza wa Mahakama ya Katiba, na mwaka 1995 mahakama hiyo ikafuta adhabu ya kifo. Pembeni yake aliketi jaji Albie Sachs, aliyepoteza mkono wa kulia na uwezo wa kuona kwa jicho moja kwa bomu la kwenye gari Maputo 1988. Gill Marcus, aliyeitumikia ANC uhamishoni London, akawa gavana wa kwanza mwanamke wa benki kuu yao, 2009 hadi 2014. Ronnie Kasrils, aliyekimbilia Dar 1963, akafika kuwa waziri wa usalama wa taifa, na kwa miaka mingi ameikosoa Israeli hadharani kwa inavyowatendea Wapalestina, huku Wayahudi wengi wa nchini kwake wakiwa hawakubaliani naye hata kidogo.