Mama Takwimu Anajibu: Mwalimu wa Hisabati anataka masta ya utafiti

SWALI: Shikamoo Mama Takwimu. Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa sekondari, mkoani Geita, mwaka wa sita kazini. Nina shahada ya Ualimu katika Sayansi, masomo ya Hisabati na Fizikia, GPA (wastani wa alama za chuo) 3.1. Nataka kusoma shahada ya uzamili ya Takwimu. Nimeona kuna njia mbili: ya kozi za darasani na tasnifu fupi, na ya utafiti mtupu. Ya utafiti imenivutia kwa kuwa nadhani nitabaki kituoni kwangu nikiandika, bila kurudi kukaa darasani. Je, GPA yangu inatosha? Na ni kweli hakuna kozi? — Mwalimu M., Geita

JIBU: Marahaba, Mwalimu. GPA yako inatosha kubisha hodi. Vyuo vingi vya Tanzania huanzia 2.7, mwanzo wa daraja la pili la chini, nawe umeshapita hapo. Lakini nilikaa miaka tisa kwenye kamati ya idara iliyopitia maombi ya uzamili, acha nikueleze tulivyokuwa tukisoma mafaili.

GPA tuliitupia jicho mara moja. Kisha ilifunguliwa transkripti, yaani orodha ya kozi na alama zake, mmoja wetu akaweka rula chini ya mstari wa kwanza na kushuka nayo kozi baada ya kozi. Tulitafuta vitu vinne: kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya matriksi, nadharia ya uwezekano, na walau kozi moja ya inferensi, yaani namna ya kujua mambo ya umma mzima kutokana na sampuli. Mwombaji wa 3.9 asiyegusa matriksi alitutia wasiwasi kuliko wa 3.0 mwenye B+ kwenye uwezekano. Regresheni, yaani kueleza jambo moja kwa kutumia mengine yanayohusiana nalo, yote ni matriksi, yale majedwali ya namba. Asiyeijua atakariri amri za kompyuta, na siku majibu yakija ya ajabu hatajua aanzie wapi kutafuta kosa.

Kwenye shahada ya ualimu kama yako, nafasi imegawanywa kati ya Hisabati, Fizikia na kozi za Elimu. Mara nyingi nilikuta uwezekano umesomwa kozi moja tu, na inferensi haipo kabisa. Basi chukua transkripti yako leo usiku, weka rula, hesabu. Ukikuta pengo, usikate tamaa. Idara nyingi humpokea mtu kwa sharti kwamba asome kwanza kozi za kuziba pengo pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Mimi mwenyewe nilipokelewa hivyo, nina miaka 31 na mtoto mchanga nyumbani. Vijana wale waliniita anti na wakanifundisha kutumia R, programu ya kompyuta ya takwimu. Hadi leo naushukuru mwaka ule kuliko mwingine wowote wa masomo yangu.

Sasa hilo la utafiti mtupu. Kwenye karatasi lipo: unasajiliwa, unapewa msimamizi, unaandika tasnifu, unaitetea. Lakini kwenye somo letu msimamizi mwenye kujali kazi yake hatakuacha uanze kuandika kabla hujakaa kwenye darasa la inferensi na la modeli za mstari, hata kama alama hazitaingia kwenye transkripti. Kwa hiyo jiandae kukaa darasani kwa vyovyote. Kwa mtu aliyekaa miaka sita mbali na uthibitisho wa hisabati, ningekushauri kwa moyo wote uchague njia ya kozi na tasnifu. Utapata muhula wa nadharia (uwezekano, inferensi, modeli za mstari), kisha muhula wa kuchagua: mfululizo wa wakati, uchambuzi wa muda wa uhai, mbinu za Bayes, usanifu wa sampuli. Baada ya hapo ndipo utaingia kwenye utafiti ukiwa na silaha mkononi.

Pima muda pia. Uzamili kwa utaratibu wa Tanzania ni krediti 180, na krediti moja huhesabiwa saa 10 za kazi. Ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka miwili ni kama saa 17 kila wiki, pamoja na ile wiki unayosahihisha mitihani ya kidato cha pili.

Unataka kujua kama uko tayari? Jaribu hili. Bajaji za mji wenu zimeandikwa namba ubavuni, kuanzia 1 hadi N, na N huijui. Umesimama sokoni, zimepita tano bila mpangilio wowote, na namba kubwa uliyoiona ni 84. Ziko ngapi zote? Kadirio linalojulikana ni kuchukua 84, kuongeza 84 gawanya kwa 5, kisha kutoa 1. Unapata 99.8, tuseme 100. Mwanafunzi wako wa kidato cha nne anaweza kulikokotoa. Wewe thibitisha kwamba ukilirudia zoezi hilo mara nyingi mno, wastani wa makadirio yako utaangukia kwenye N yenyewe. Halafu onesha kwamba ukishaijua ile namba kubwa, zile nne nyingine hazikuongezei habari yoyote juu ya N. Ukiyamaliza yote mawili kwa kalamu na karatasi, omba mwaka huu. Ukikwama, tafuta kitabu cha uwezekano cha mwaka wa pili, jipe miezi sita.

Kuhusu mada: usiandike kwenye maombi kwamba unataka “kufanya utafiti wa takwimu za elimu”. Andika swali, na utaje data utakazotumia. Na uzijue data hizo zilivyokusanywa. Nasema hivi kwa uchungu. Tasnifu yangu ilitumia data za utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2004–05. Ndani ya faili la wanawake kuna safu iitwayo v005. Ni uzito wa kila mhojiwa, yaani kipimo cha sehemu ya watu anayowakilisha, umeandikwa bila nukta, kwa hiyo unaugawa kwa 1,000,000 kabla ya kuutumia. Mimi niliiruka. Zanzibar huchukuliwa sampuli kubwa kuliko sehemu yake ya watu (kwa sensa ya 2022 ni watu 1,889,773 kati ya 61,741,120), ili nayo ipate makadirio yake ya kuaminika. Bila ule uzito, sauti ya visiwani ilizidi mno kwenye wastani wangu wa taifa. Mtahini alirudisha sura ya nne yote. Nilikaa miezi minne nikiiandika upya, na msimamizi wangu alikuwa ameisoma mara mbili bila kuliona. Basi msimamizi wako umuulize mapema amewahi kushughulikia sampuli za namna gani.

Mwandikie msimamizi unayemtaka kabla ya kuomba, ukurasa mmoja, ukiambatisha transkripti. Barua za referii waombe waliokufundisha hisabati, maana mkuu wa shule atasifu nidhamu yako tu, na nidhamu hatukuwa na shaka nayo. Ruhusa ya mwajiri ianze kupita sasa, kupitia kwa mkuu huyohuyo hadi kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Na kama unachopenda zaidi ni takwimu rasmi, sensa na tafiti za kaya, kiulizie pia Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, pale Changanyikeni, Dar es Salaam.

SWALI: Mama, mimi ni wa Mombasa. Digrii yangu ni ya Takwimu lakini nilipata daraja la pili la chini. Nimefanya kazi miaka mitatu na kampuni ya mizigo. Wenzangu wanasema Kenya bila daraja la pili la juu nisijisumbue. — K.

JIBU: Jisumbue, mwanangu. Vyuo vingi vya Kenya humchukua moja kwa moja mwenye daraja la pili la juu, na mwenye la chini humkubali akiwa na miaka miwili ya kazi inayohusiana na somo. Neno zito hapo ni “inayohusiana”. Barua ya mwajiri isiseme tu kwamba ulikuwa afisa. Iseme ulikadiria muda wa makontena kukaa bandarini, kwa data ipi, kwa njia ipi. Ukishapokelewa, kabla ya kukusanya data utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya Kenya. Kiombe mara tu pendekezo lako la utafiti likipitishwa.

Wewe pia nimekuachia zile bajaji. Nitumie uthibitisho wako kwa mkono, hata kama umeishia katikati.