Uzi wa nne unakatika nikityuni gitaa kwa ajili ya "Never Meant"

Swali: Nimejifunza gitaa kwa tyuni ya kawaida. Sasa nataka kupiga "Never Meant" ya bendi ya American Football, nikaambiwa nityuni FACGCE, yaani noti za nyuzi kuanzia wa sita, ule mnene, hadi wa kwanza. Kila nikijaribu, uzi wa nne unakatika kabla haujafika C. Ninunue nyuzi nzito zaidi? Halafu nieleze: ilikuwaje bendi ikavunjika na albamu moja tu, kisha ikarudi na mashabiki kibao?

Jibu: Nyuzi zako hazina kosa, unatafuta C isiyo yake. Programu nyingi za kutyunia kwenye simu huonyesha herufi tu, hazikwambii kama ni C ya juu au ya chini. Uzi wa nne kwa kawaida ni D, na C inayotakiwa iko nusu toni mbili chini yake (nusu toni moja ni sawa na freti moja). Unaulegeza. Ukiukaza kuifuata C ya juu unaupandisha nusu toni kumi, na lazima utakatika.

Anza na huo wa nne. Kisha kaza wa sita kutoka E hadi F, na wa pili kutoka B hadi C, nusu toni moja moja. Wa tano, wa tatu na wa kwanza usiziguse. Ukimaliza pitia zote upya, kwa sababu mvutano wa uzi mmoja ukibadilika nyingine nazo husogea, hasa kama daraja la gitaa lako lina springi.

Sasa piga nyuzi zote bila kubana popote. Unasikia akodi ya F meja 9, tena imetandazwa kwa namna ambayo tyuni ya kawaida haikupi kirahisi. Ndiyo siri ya wimbo ule: vidole vinabana noti chache tu, nyuzi zilizobaki zinaendelea kulia wazi. Usicharaze, donoa uzi mmoja mmoja, na amplifaya iwe safi bila mkwaruzo.

Bendi yenyewe ilianza 1997 huko Urbana, Illinois, wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu. Mike Kinsella aliimba na kupiga gitaa, Steve Holmes gitaa la pili, Steve Lamos ngoma na tarumbeta. Kinsella alikuwa ametoka kupiga ngoma kwenye Cap'n Jazz, bendi ya Chicago ya emo (roki yenye hisia kali) na yenye fujo nyingi, na huku akaenda upande wa pili kabisa, muziki wa upole. Mpiga besi hawakuwa naye. Besi unayoisikia kwenye albamu kaipiga Kinsella mwenyewe.

Walitoa EP, yaani rekodi fupi kuliko albamu, ya nyimbo tatu 1998, kisha albamu ya nyimbo tisa 1999, zote kupitia Polyvinyl, lebo ndogo ya palepale Illinois. Masomo yakaisha, kila mtu akashika njia yake. Kinsella akaendelea peke yake kwa jina la Owen, Lamos akawa mwalimu wa chuo kikuu.

Kilichoiweka albamu hai, kwa maoni yangu, ni wapiga gitaa. Wimbo huu huwezi kuupata vizuri bila kubadili tyuni, kwa hiyo kila anayeupenda hulazimika kumuuliza mwenzake, kama ulivyoniuliza. Maarifa hayo yalisambaa kwenye intaneti kwa miaka mingi bila matangazo ya maana. Albamu ilipotolewa upya 2014, bendi ikarudi jukwaani, safari hii na Nate Kinsella, binamu yake Mike, kwenye besi. Albamu zilizofuata ni za 2016 na 2019, nazo zimebeba jina lilelile la bendi. Mimi naipenda sana ya 2019, ingawa wengi watanibishia.

Ukishaweza sehemu ya gitaa moja, irekodi kwenye simu, kisha jifunze ya gitaa la pili ukiipiga juu ya rekodi hiyo. Anza taratibu sana.