Jina kwenye jengo? Kwanza nani atatunza masanduku

Wiki hii mmetuuliza: mwalimu mkubwa wa chuo kikuu akifariki, je, jengo au barabara ipewe jina lake ili asisahaulike? Swali limenikuta nimetoka matangani, kumlilia profesa aliyenifundisha elimu ya wadudu hapa Bukavu. Jina lake silitaji, kwa sababu familia sijaiomba ruhusa. Aliyesoma biolojia katika mji huu atamtambua tu.

Jibu langu la kwanza ni hapana. Mji wetu wenyewe, enzi za ukoloni wa Wabelgiji, uliwahi kuitwa Costermansville. Simamisha vijana pale Nyawera uwaulize huyo Costermans alikuwa nani, uone wangapi watakujibu. Jina lilibandikwa juu ya mji mzima, wala halikumsaidia mwenyewe kukumbukwa.

Mimi kinachoninyima usingizi ni masanduku. Profesa ameacha masanduku ya mbao yenye vifuniko vya kioo, na ndani yake vipepeo, mende, nyigu na kunguni wa kahawa, kila mmoja amechomwa pini, na chini yake kikaratasi chenye maandishi madogo kabisa. Watu wanadhani mdudu akishakauka amemalizana na dunia. Sivyo. Kuna kidudu kinaitwa Anthrenus, ambacho viwavi vyake hula wadudu waliokaushwa. Kikiingia sandukuni bila kuonekana, baada ya muda unafungua na kukuta pini zimesimama peke yake juu ya unga. Tena hapa kwetu mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, ukungu hauchezi mbali. Miaka yote hiyo Profesa alikagua masanduku yake mwenyewe na kununua naftalini ya kufukuza vidudu hivyo kwa mshahara wake, na mshahara wa mwalimu huku kwetu tunaujua unavyokuja. Sasa ameondoka. Nani ana funguo? Msibani niliuliza, kila mtu akamtazama mwenzake.

Na hasara hiyo si ya chuo peke yake. Wadudu wengi wa Kongo waliokusanywa wakati wa ukoloni wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mtoto wa Kabare anayetaka kulinganisha kipepeo wa hifadhi yetu ya Kahuzi-Biega na wale wa zamani aombe viza kwanza. Hapa karibu tuna Lwiro, kituo cha utafiti kilichotokana na IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, na makusanyo ya walimu wachache kama huyu wetu. Hayo yakiliwa, tumebaki na nini mkononi?

Nieleze siku moja, mnisamehe nikirefusha. Tulikuwa njiani kuelekea Lwiro, tukasimama upande wa Katana kwa mama mmoja aliyekuwa akilia kwamba maharage yake yote yametobolewa. Aliomba dawa. Sisi wanafunzi tulitoa madaftari, tukingoja Profesa ataje unga gani unyunyizwe. Hakutaja. Aliomba ungo, akamwaga maharage, akaketi chini sakafuni na suruali yake ya kazini, akatoa lenzi yake ndogo. Akakaa. Saa ikapita, dereva akaanza kupiga honi, naye hajainuka. Mwishowe akamwita yule mama, si sisi: “Mama, karibu uone.”

Alimwonyesha funza mdogo mno aliyetoka kwenye yai, anatafuta pa kuingilia. Mdudu huyu, Acanthoscelides, hagandishi mayai yake kwenye punje. Huyatawanya tu katikati ya maharage. Funza akitoka lazima ajibane kati ya punje mbili, mgongo akiuegemeza kwenye punje moja ndipo apate nguvu ya kutoboa nyingine, na kazi hiyo humchukua karibu siku nzima. Ukimsukuma kabla hajaingia, anaanza upya. Ukimsukuma tena, anachoka, anakufa. “Kwa hiyo, mama,” akasema, “gunia usilijaze mpaka juu. Uliviringishe asubuhi, uliviringishe jioni. Hata watoto wanaweza.” Mama akauliza kama dawa ndiyo hiyo tu. Akajibiwa kwamba waliokwisha kuingia ndani ya punje haiwaondoi, hivyo yaliyotobolewa ayachambue kwanza na kuyaanika juani. Lakini maharage ya mbegu ya msimu ujao angeyaokoa. Mama alicheka kwa furaha, akatuwekea bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, tukala tukiwa tumechelewa sana.

Jioni, Lwiro, tulichoma pini wadudu wa siku ile. Kwenye kikaratasi aliandika mahali, mwinuko, tarehe, “ndani ya maharage ya akiba”, na mwishoni, panapoandikwa jina la mkusanyaji, akaandika jina la yule mama. Mmoja wetu akasema: “Lakini Profesa, yule si mtaalamu.” Akamjibu bila kuinua kichwa: “Nani aliwaona kwanza?” Kisha akatukumbusha kanuni yake, kwamba mdudu asiye na kikaratasi hana faida kwa sayansi, hata awe mzuri namna gani.

Nimeandika mpaka hapa, na ile hapana yangu ya mwanzo imelegea. Mtu aliyeona ni haki jina la mama wa kijijini lidumu chini ya mdudu mdogo hivyo, kwa haki gani mimi nimnyime jina lake mlangoni? Jina analolitaka Profesa ni lile linaloambatana na kitu chenyewe, na mahali kilipotoka, na siku yake. Hilo la Costermans halikuambatana na chochote.

Basi mniandike upande wa ndiyo, kwa masharti. Lisiwe jengo zima wala barabara, liwe chumba kile chenye masanduku. Awepo msaidizi mmoja anayelipwa kuyakagua, na kila kikaratasi kipigwe picha kabla ya mvua za Septemba. Ikiwa pesa zitatosha kitu kimoja tu, kati ya kibao chenye jina na makabati yanayofunga vizuri, nunueni makabati. Kibao tutachanga sisi tuliosoma kwake.

Msomaji, Kadutu, Bukavu