Kanishika Mkono, Nikacheka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 23, kibanda chetu kiko karibu na Soko la Kilombero hapa Arusha. Jioni napanda kifodi kurudi Ngaramtoni. Pale magari yanapopakia kuna vijana huniita "mtoto mzuri", nisipoitika natukanwa. Wiki iliyopita mmoja alinishika mkono akanivuta. Nikajikuta nacheka! Nyumbani nililia, na kilichoniliza zaidi ni kile kicheko. Mama anasema niinamishe kichwa nipite. Mdogo wangu wa kidato cha pili anataka twende tukajifunze karate. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilipokuwa na umri wako nilishikwa kiuno stendi, Moshi, mchana kweupe, nami nikacheka vilevile. Tumelelewa hivyo: mtu akikuudhi, mchekee yaishe. Mwili wako ulitafuta njia ya kukutoa salama ukashika ile uliyoizoea. Hukuridhia, na mwenye kosa ni aliyekushika.

Karate ni nzuri, mdogo wako aende. Lakini mkanda huchukua miaka, nawe pale utapita kesho. Wanawake wanaokuja kwangu Jumamosi kujifunza kujihami siwaanzishii mateke, nawaanzishia sauti. Simama mguu mmoja mbele, viganja usawa wa kifua, useme kutoka tumboni: "Wewe mwenye koti la bluu, achia mkono wangu!" Bila "samahani kaka", bila tabasamu. Ukitaja koti, macho yote yanamgeukia yeye. Wengi hushindwa mara ya kwanza, sauti inatoka kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Wiki ya tatu majirani wanachungulia uani kwangu kuuliza kuna nini.

Tena, wazoee akina mama wanaouza ndizi hapo unapopandia gari. Wasalimie kila siku. Siku ukiita "Mama, njoo!" anakuja mtu anayekufahamu.

Sasa mkono. Mshiko wowote una mlango: pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine. Usivute kinyumenyume, atakushinda nguvu. Geuza mkono wako, upande mwembamba wa kifundo chako uelekee kwenye gumba lake, kunja kiwiko ukisukume kumwelekea yeye, chomoa kwa ghafla, rudi hatua mbili, ondoka. Akizidi kukuvamia, piga pua kwa kitako cha kiganja, kisha kimbia kuelekea penye taa na watu. Akitaka mkoba au simu, mpe. Simu hununuliwa.

Ukitembea kando ya barabara, tembea upande ambao magari yanakuja yakikutazama, ili bodaboda asikutokee mgongoni. Na vile vya kusikilizia muziki masikioni vivue kabla hujafika kwenye kundi.

Haya si maneno ya uani kwangu tu. Kanada, mtafiti Charlene Senn na wenzake walifundisha wanafunzi wa kike wa vyuo vikuu kwa saa 12: kutambua hatari mapema, kuacha aibu ya kumkatalia mtu unayemjua, na kupigana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Ndani ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi lililofundishwa walikuwa asilimia 5.2, na katika kundi lililopewa vipeperushi tu asilimia 9.8. Saa kumi na mbili, mwanangu! Hizo ni Jumamosi nne.

Mama yako usibishane naye. Anaogopa usipigwe, na hofu yake ina sababu. Ila kichwa kikiinama huoni nani anakufuata. Mwambie utapita, lakini macho yakiwa juu.

Na yule kijana alivunja sheria. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu maneno na vitendo vya namna hiyo kuwa udhalilishaji wa kijinsia, kifungo hadi miaka mitano. Malalamiko yapelekwe ndani ya siku 60, kwa hiyo bado una muda. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, andika saa, mahali na mavazi yake, na mchukue mmoja wa wale akina mama kama aliona.

Leo jioni mwambie mdogo wako akushike mkono, ujichomoe mara thelathini, kisha mbadilishane. Mkicheka katikati, anzeni tena kuhesabu kutoka moja.