Bia nyeusi hailainishi nyama

Wiki hii mmeuliza: "Nyama ngumu ya ng'ombe unailainishaje, na je, ni kweli bia inasaidia?" Nimeona nijibu kwa kirefu, kwa sababu hapa Nakuru nyama ngumu ndiyo nyama yetu ya kila siku. Ng'ombe wengi wanaofika kwenye bucha zetu hawakunoneshwa wakachinjwe wakingali wadogo. Wametembea malishoni miaka na miaka, au ni ng'ombe wa maziwa waliochoka kukamuliwa huko Njoro na Molo. Nyama yao ina utamu ambao nyama ya ndama haina, lakini ina kano, na kano hazitaki haraka.

Bia nyeusi naitia, na naipenda sana kwenye nyama, ila kulainisha hailainishi. Kinacholainisha ni muda na moto mdogo. Nalisema hili mapema kwa sababu wako watu wanaolaza nyama kwenye bia usiku kucha, asubuhi wakaipika dakika 40 kwa moto mkali, na ikitoka inavutana na meno wanailaumu bia. Bia haikuwa na kosa lolote.

Ugumu unatokana na kolajeni, zile nyuzi nyeupe zinazofunga misuli na kuishikilia mfupani. Zikikaa kwenye joto la kuanzia nyuzi 70 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa, huyeyuka zikawa jelatini, na hiyo jelatini ndiyo hufanya mchuzi unate midomoni. Ukizidisha moto, misuli hujikunja na kukamua maji yake yote, na unaishia na nyama kavu ndani ya mchuzi mwingi. Sisi wa huku juu tuna jambo jingine la kukumbuka. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Kisumu, iliyo chini yetu kwa mita 700 na zaidi, maji huchemka kwenye nyuzi 96. Kwa hiyo mtu wa Kisumu akikwambia saa mbili na nusu zinatosha, wewe wa Nakuru weka tatu na usinung'unike.

Sasa, kazi ya bia ni ipi? Ni ladha. Bia nyeusi ya aina ya stauti, kama Guinness tunayoipata hapa, hupata weusi wake kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, na shayiri hiyo huleta uchungu wa aina ya kahawa. Uchungu huo ukikutana na mafuta ya nyama, mchuzi unapata kina ambacho nyanya peke yake haiwezi kuleta. Na shayiri wala si kitu kigeni kwetu: inalimwa Mau Narok, ndani ya kaunti yetu hii hii. Wabelgiji wa Flanders wana chakula chao cha zamani cha nyama ya ng'ombe kwa bia ya kahawia na vitunguu vingi, na juu yake hulaza kipande cha mkate kilichopakwa haradali, kikayeyukia humo na kuufanya mchuzi uwe mzito. Bia yao ina utamu na uchachu kidogo, yetu ni chungu zaidi. Ndiyo maana nasema usifuate vipimo vyao bila kufikiri. Uchungu huzidi kadiri mchuzi unavyopungua, na chupa mbili kwenye kilo moja ya nyama zitakupa chakula ambacho watoto hawatakigusa.

Bucha yangu anajua nikifika. "Mama, leo kuna steki safi," huniambia, na mimi namwonyesha muundi uliotundikwa kule nyuma, ule wa mguu wa chini. Ukikatwa kwa kukingamisha, unaona ndani ya kila kipande nyuzi nyeupe zimepita kama mito kwenye ramani. Hizo ndizo nazilipia. Shingo nayo ni nzuri. Steki iacheni kwa kazi yake. Ukiipika saa tatu inakuwa nyuzinyuzi tupu, kwa kuwa haina kolajeni ya kuyeyuka.

Nyumbani, kwa kilo moja na nusu, naikata vipande vikubwa, vikubwa kuliko vya mchuzi wa kawaida, natia chumvi, na napangusa kila kipande kwa kitambaa safi hadi kikauke. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Nyama yenye maji haikaangiki, inajichemsha tu, na rangi ile ya kahawia yenye harufu haiji mpaka uso wa nyama upite nyuzi 140 hivi. Naweka mafuta kwenye sufuria nzito, moto mkali, vipande vichache kwa zamu, na sivigeuzi mpaka viachie vyenyewe. Nikimaliza, chini ya sufuria kumeshika ukoko mwekundu mweusi. Ukoko huo usiuoshe kamwe! Natoa nyama, natia vitunguu vikubwa vitano vilivyokatwa vipande vyembamba, napunguza moto, na navikoroga taratibu mpaka viwe kahawia na vianze kunukia utamu. Inachukua nusu saa, wakati mwingine zaidi. Utamu huo wa vitunguu ndio utakaoushika mkono uchungu wa bia, kwa hiyo ukivikatiza hapa, hakuna sukari itakayokuokoa baadaye.

Ndipo bia inapoingia, chupa moja ya mililita 500. Inapanda povu, inanguruma, na kwa mwiko wa mti nakwangua ukoko wote uyeyuke humo. Narudisha nyama, karoti mbili tatu, kitunguu saumu, pilipili manga, na supu ya mifupa ya kufikia karibu na uso wa nyama bila kuizamisha. Baada ya hapo ni mfuniko na makaa yaliyofunikwa majivu. Mchuzi ucheke, usichemke: kiputo kimoja hapa, kingine pale. Mwenye kikapu cha kuhifadhi joto, kile kinachotandikwa sponji na blanketi, anaweza kuichemsha vizuri, akaifungia humo na kwenda zake kazini, mradi akirudi aichemshe tena kabla ya kupakua.

Presha kuka? Inalainisha, tena upesi, na asiye na muda aitumie bila kuona haya. Ila mvuke hauna pa kutokea, mchuzi haupungui, kwa hiyo ukishafungua urudishe kwenye moto bila mfuniko mpaka uwe mzito. Papai bichi nalo linafaa mishikaki, si mchuzi: vimeng'enya vyake hula uso wa nyama, na ukilisahau nyama inakuwa uji. Magadi siyakubali kabisa kwenye nyama. Yaacheni kwenye kunde na mrenda.

Kuna jambo moja nalishikilia kwa nguvu. Watu husema pombe yote huruka ikipikwa. Si kweli. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba chakula kilichotiwa pombe kikachemshwa dakika 15 hubaki na asilimia 40 hivi ya ile pombe, baada ya saa moja asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna kama asilimia 5. Ni kidogo, lakini ipo. Shangazi yangu ni Msabato, jirani zangu wa ukuta ni Waislamu, na rafiki yangu mmoja ameacha pombe kwa taabu kubwa. Hakuna hata mmoja kati yao ninayeweza kumpakulia chakula hiki nikanyamaza. Mgeni huambiwa kabla hajanawa mikono, wala haulizwi sababu za kukataa.

Kwao napika sufuria ya pili. Muundi ule ule, ukoko ule ule, vitunguu vilivyokaangwa hadi kahawia, lakini badala ya bia natia supu nzito ya mifupa na ukwaju uliolowekwa, vijiko viwili vya maji yake, uchachu tu wa kukata mafuta. Saa tatu kwa makaa yale yale, na nyama inaachia mfupa sawasawa na ile ya bia. Shangazi huila kwa ugali wa wimbi, na mchuzi huomba aongezewe.